Ituri: Upofu wa mto umeenea vijijini hadi watu wamezoea kuishi nao

Ili kujua kama kijiji kimeshambuliwa na ugonjwa wa upofu wa mto, hakuhitajiki mashine wala umeme. Wanaume wapatao 50, wenye umri wa miaka 20 na zaidi, ambao wamekaa pale kwa miaka isiyopungua 10, wanaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia ao ndani ya kalasi ya masomo. Muuguzi anawapapasa kiunoni, kwenye nyonga, mbavuni na magotini. Anatafuta uvimbe mdogo chini ya ngozi: mgumu, usiouma, unaoteleza kidogo chini ya kidole. Ndani ya uvimbe huo kuna minyoo hai. Kama wanaume 10 kati ya 50 wako nao, kijiji kinahesabiwa kuwa na ugonjwa kwa kiasi cha kati. Kama ni 20 ao zaidi, kinawekwa katika kundi la vijiji vilivyoathirika sana.

Ni kwa njia hiyo ya vidole kwamba programu ya Afrika ya kupambana na ugonjwa huu, iliyojulikana kwa jina la APOC na iliyofanya kazi kutoka 1995 hadi 2015, ilisaidia kuchora ramani ya Kongo. Kaskazini mashariki mwa inchi, yaani Ituri, Haut-Uele, Bas-Uele na Tshopo, ilionekana kuwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi. Vijiji vingi huko viko kando ya mito yenye maporomoko na maji yanayokimbia, na ndipo ugonjwa unapozaliwa.

Lakini ramani haionyeshi namna watu wenyewe wanavyouona ugonjwa huu. Ukiuliza kijijini kama kuna mgonjwa wa upofu wa mto, unaweza kujibiwa kwamba hakuna, na huku yule anayekujibu anajikuna mgongo kwa ncha ya kisu ao kwenye nguzo ya nyumba. Kuwashwa usiku kucha, ngozi ya miguu yenye madoa meupe, ngozi iliyokunjamana kabla ya uzee: mambo hayo yamekuwepo tangu wakati wa babu. Yanaitwa maisha tu.

Jina linalodanganya

Madaktari wanauita ugonjwa huu onkoserkozi. Wengi wetu tumezoea jina la upofu wa mto, na jina hilo limefanya kazi nzuri ya kutisha, lakini limeleta pia kosa. Mtu anangojea upofu ili akubali kwamba anaumwa. Kwa kweli upofu huja mwishoni, na huwapata wachache kati ya wengi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linatumia makadirio ya mwaka 2017 yanayosema kwamba watu milioni 20,9 walikuwa na maambukizi duniani. Kati yao, milioni 14,6 walikuwa na ugonjwa wa ngozi, na milioni 1,15 walikuwa wamepungukiwa ao kupoteza uwezo wa kuona. Tusome hesabu hiyo mara mbili. Kwa kila mtu mmoja ambaye macho yake yaliharibika, kuna zaidi ya kumi ambao ngozi yao ndiyo iliyoteseka. Karibu wote wenye maambukizi wanaishi katika inchi za Afrika kusini mwa Sahara, na Kongo ni mojawapo.

Anayeleta ugonjwa ni inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo ulioinuka kama nundu. Kiswahili sanifu kinamwita usubi, na kila kijiji kina jina lake. Si mbu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa watu wa vijijini, kwa sababu karibu yote tuliyofundishwa juu ya malaria hayasaidii hapa. Mbu anapenda maji yaliyosimama. Usubi anataga mayai yake kwenye mawe na majani ndani ya maji yanayokimbia kwa nguvu, yenye hewa nyingi. Mbu wa malaria anauma usiku. Usubi anauma mchana, kwa hiyo chandarua kilichogawiwa bure na serkali hakimzuii. Kufyeka majani na kufukia vidimbwi kuzunguka nyumba hakumfikii pia. Yeye yuko kule kwenye maporomoko.

Anapomuuma mgonjwa, usubi anachukua pamoja na damu viminyoo vidogo sana vinavyotembea chini ya ngozi. Viminyoo hivyo vinakomaa ndani ya mwili wake kwa siku kadhaa, na anapomuuma mtu mwingine anamwachia. Ndani ya mtu huyo vinakuwa minyoo mikubwa, inayojikunja pamoja katika ule uvimbe mgumu. Mnyoo wa kike anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, na kila siku anazaa viminyoo kwa mamia, hata kupita elfu. Vinasambaa katika ngozi yote na kufika machoni. Vinapokufa, mwili unapigana na mizoga yao, na mapigano hayo ndiyo yanayoleta kuwashwa, madoa na, baada ya miaka mingi, kovu kwenye jicho.

Kuumwa mara moja kwa kawaida hakutoshi kumfanya mtu awe mgonjwa sana. Mzigo unaongezeka kuumwa baada ya kuumwa, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu ugonjwa unawakaa wale ambao kazi yao iko mtoni: mwanamke anayelowesha muhogo, mvuvi, mtoto anayetumwa na bidoni, mchimbaji wa zahabu anayesimama ndani ya maji kutoka asubuhi mpaka jioni. Huwezi kumwambia mtu kama huyo aache mto. Mto ndio unaomlisha.

Tumeujua tangu zamani

Ugonjwa huu si habari mpya katika inchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mbelgiji Jean Hissette alikuta katika Kasai, kando ya mto Sankuru, vijiji vyenye vipofu wengi kupita kiasi, akaunganisha upofu huo na minyoo ya ngozi. Mwaka 1934 wataalamu wa chuo kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Richard Strong, walifika Kongo na kuthibitisha aliyoyasema. Mwaka 1948, katika Léopoldville ya wakati ule, wakoloni walimwaga dawa ya DDT kwa ndege juu ya maporomoko ya mto Kongo, na usubi wakatoweka kwenye mji mkuu. Wazungu waliokaa pale hawakuwa tayari kuumwa. Vijiji vya ndani ya inchi viliendelea kungoja.

Watoto wanaoanguka

Kuna jambo jingine ambalo kwa muda mrefu halikuandikwa katika vitabu vya ugonjwa huu, na kwa familia za Ituri na Bas-Uele labda ndilo zito kuliko yote. Ni kifafa.

Mtoto amezaliwa mzima. Ametembea kwa wakati wake, amesema kwa wakati wake, ameingia masomo. Halafu, mahali fulani kati ya umri wa miaka 3 na 18, anaanza kuanguka. Wengine hawaanguki mara moja: wanainamisha kichwa na kukiinua, mara nyingi mfululizo, kama mtu anayesinzia, na mara nyingi jambo hilo huwatokea wakiwa mbele ya chakula. Baadhi wanaacha kukua. Kijana wa miaka 16 anaonekana kama mtoto wa miaka 9. Katika familia moja unaweza kukuta wawili ao watatu. Na ukifuata njia kutoka nyumba hadi nyumba, unakuta kwamba wengi wako upande wa mto.

Kijijini, jambo kama hilo linatafutiwa mtu aliyelileta. Shangazi anashutumiwa, jirani anashutumiwa, mke wa pili anashutumiwa. Mtoto anapelekwa kwenye chumba cha maombi, kisha kwa mganga wa mizizi, kisha kwenye chumba kingine cha maombi, na mbuzi na shamba vinaondoka kimoja kimoja. Wengi wanaogopa povu la mgonjwa, wakidhani kwamba linaambukiza, na wanamwacha alale motoni ao majini alipoanguka. Makovu ya moto usoni na mikononi ni alama inayojulikana. Mtoto anaacha masomo kwa sababu mwalimu na wenzake wanamkimbia. Msichana haolewi, ao anazalishwa na kuachwa.

Watafiti Wakongomani pamoja na timu ya profesa Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerpen, Ubelgiji, wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kifafa hiki, katika zoni ya afya ya Logo, teritware ya Mahagi, na katika Aketi, jimbo la Bas-Uele, miongoni mwa sehemu nyingine. Walikuta kifafa kikiwa kingi kuliko kawaida katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye usubi. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Kameruni. Katika bonde la mto Mbam, watoto walikuwa wamepimwa viminyoo vya ngozi kati ya 1991 na 1993. Mwaka 2017 watafiti walirudi kuwatafuta. Kadiri mtoto alivyokuwa na viminyoo vingi ngozini wakati ule, ndivyo hatari ya kupata kifafa ilivyokuwa kubwa miaka iliyofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Namna mnyoo wa ngozi unavyoweza kuharibu ubongo bado inabishaniwa na wanasayansi, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini mzazi wa Logo hahitaji kungoja yaishe. Kaskazini mwa Uganda, ambako watoto wengi walikuwa wakipata ugonjwa wa kuinamisha kichwa, serkali ilianza kutoa vidonge mara mbili kwa mwaka na kushughulikia mito kuanzia mwaka 2012. Tangu hapo visa vipya vimekuwa nadra sana.

Jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu limewaumiza wengi: kidonge cha upofu wa mto hakiondoi kifafa kilichokwisha kuanza. Kinasaidia kuzuia kisianze kwa watoto wengine. Kwa yule anayeanguka tayari, dawa ni nyingine, kama vile fenobarbitali, ambayo si ya bei kubwa, lakini inatakiwa kunywewa kila siku kwa miaka. Ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Kituo cha afya kinapokosa akiba yake kwa mwezi mmoja, mzazi anaamini kwamba dawa imeshindwa, na anarudi kwa wale wanaomweleza juu ya uchawi.

Kidonge kipo, tena bure

Dawa ya kuzuia ugonjwa huu inaitwa ivermektini. Vijijini watu wanaijua kwa jina la Mectizan. Ilitokana na kazi ya Mjapani Satoshi Ōmura na William Campbell, ambao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa ahadi ya kuitoa kwa kiasi kinachohitajika na kwa muda wote itakapohitajika. Si jambo dogo. Dawa inayowafaa watu ambao hawana pesa ya kuinunua haipatikani mara nyingi.

Anayeigawa ni jirani yako: mtu aliyechaguliwa na kijiji na kufundishwa kwa siku chache, mara nyingi yule tunayemwita reko. Anakuja na daftari na fimbo yenye alama. Hapimi kilo, anapima urefu. Kuanzia sentimeta 90 mtu anapata kidonge kimoja, anapofika 120 vinakuwa viwili, anapofika 140 vitatu, na wale warefu kuliko hapo, karibu sentimeta 160 na zaidi, wanameza vinne. Hawapewi watoto walio chini ya sentimeta 90, wanawake wajawazito, mama aliyejifungua katika juma lile, na mtu anayeumwa sana. Kazi yote hiyo reko anaifanya kwa miguu, karibu bila malipo, katika majuma ambayo naye ana shamba la kulima. Mara nyingi tunawasifu hawa watu katika hotuba. Ni mara chache kuliko hapo wanapata hata viatu vya mvua.

Sasa, tatizo. Mectizan inaua viminyoo vya ngozini, lakini haiui mnyoo mkubwa. Inamzuia kuzaa kwa miezi kadhaa tu, kisha anaanza tena. Kwa kuwa anaweza kuishi hadi miaka 15, kijiji kinatakiwa kumeza vidonge kila mwaka, bila kuruka, mpaka minyoo ife kwa uzee. Na si wachache wameze: lengo ni angalau watu 80 kati ya 100, pamoja na wale waliohesabiwa kuwa bado wadogo. Kijiji kinachomeza mwaka huu, kinaruka mwaka ujao, na mwaka wa tatu kinameza nusu, kinafanya kazi bila kumaliza.

Kwa nini wengine wanakataa

Mtu anaweza kusema kwamba wanaokataa dawa ya bure ni wajinga. Ukisikiliza sababu zao, unaona kwamba wengi wanakataa kwa jambo waliloliona.

Viminyoo vinapokufa vyote kwa pamoja, mwili unawaka. Siku ya kwanza na ya pili baada ya kumeza, mtu anaweza kuwashwa vikali, kuvimba uso ao miguu, kupata homa na kuumwa viungo. Na yule aliyekuwa na viminyoo vingi zaidi ndiye anayeteseka zaidi. Kwa maneno mengine, katika kijiji kilichoathirika sana, mara ya kwanza vidonge vinapofika, wagonjwa wa kweli ndio wanaolala chini na kuvimba, na wazima wanatembea. Jirani anayetazama anatoa hitimisho lake: dawa ndiyo ilimletea ugonjwa. Mwaka unaofuata, mambo hayo hupungua sana kwa yule aliyerudia, lakini wengi hawarudii.

Kuna pia sababu nzito kuliko hiyo. Katika misitu ya kaskazini mashariki kuna mnyoo mwingine, unaoitwa Loa loa, ule ambao wakati fulani unaonekana ukipita juu ya jicho. Unaletwa na inzi mwingine, wa msituni. Peke yake mara nyingi hausumbui sana. Lakini mtu mwenye viminyoo vya Loa loa vingi mno katika damu, zaidi ya 30.000 katika mililita moja, akimeza Mectizan anaweza kupoteza fahamu, na hata kufa, ikiwa hatapata huduma nzuri. Mambo hayo yalitokea katika inchi yetu mwaka 2003 na 2004, kampeni zilipoanza katika baadhi ya majimbo, na kulikuwa na vifo. Baada ya hapo, kazi ilicheleweshwa katika sehemu nyingi ambako minyoo hiyo miwili inakaa pamoja.

Vifo hivyo havikusahauliwa, na ni haki visisahaulike. Njia ya kuvizuia ipo: kuelimisha kabla, kuwa na muuguzi na gari ao pikipiki tayari kwa siku chache baada ya kugawa, na kumpeleka mgonjwa hospitali mapema, si kumficha nyumbani. Huko Okola, Kameruni, mwaka 2015, watu walipimwa kwanza tone la damu kwa darubini ndogo iliyounganishwa na simu, na wale wachache waliokuwa na Loa loa nyingi hawakupewa vidonge. Hakuna aliyepata madhara makubwa. Inagharimu zaidi, ni kweli.

Na hapa Ituri kuna vita. Tangu mwisho wa mwaka 2017, watu wa Djugu na Mahagi wamekimbia vijiji vyao mara nyingi. Daftari la reko linaandikwa kwa nyumba, na nyumba imechomwa. Familia iliyotakiwa kumeza kwa mwaka wa tatu mfululizo iko katika kambi ya wakimbizi wa ndani, haimo katika hesabu ya kijiji cha zamani wala cha kipya. Mwaka 2020, kwa ajili ya Covid-19, OMS yenyewe iliomba kampeni za aina hii zisimamishwe kwa muda. Mnyoo haukusimama.

Mito midogo ya Logo

Kugawa vidonge peke yake si njia ya pekee. Katika zoni ya Logo, kwenye bonde la mito Kakoi na Koda, watafiti walitembea kijito kwa kijito kutafuta ni usubi gani hasa anayeeneza ugonjwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalishangaza: walioonekana kuhusika si wale wanaojulikana mahali pengi Afrika, bali aina mbili nyingine, Simulium dentulosum na Simulium vorax, zinazozaliwa katika mito midogo. Kwa mkaaji wa kijiji majina hayo si kitu. Lakini mto mdogo unaovukwa kwa miguu unaweza kushughulikiwa na watu wa kijiji, tofauti na mto mkubwa unaohitaji ndege. Uganda, kwenye mito iliyozaa usubi kaskazini mwa inchi, vikundi vya wanakijiji vilifyeka majani na matawi yaliyolala ndani ya maji, mahali pa kushikia mayai na mabuu, na idadi ya usubi wanaouma ilishuka sana. Vyombo vyao vilikuwa mapanga.

Dawa mpya pia ilipitia mikononi mwetu, na ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Moksidektini ilijaribiwa kutoka mwaka 2009 kwa watu 1.472 katika inchi tatu: Ghana, Liberia na Kongo. Upande wa Kongo, kazi ilifanyika Ituri na Nord-Kivu, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kilikuwa kati ya walioshiriki. Mwaka mmoja baada ya dozi moja, waliomeza moksidektini walikuwa na viminyoo vichache ngozini kuliko waliomeza Mectizan. Marekani iliiruhusu mwezi wa 6 mwaka 2018. Haijachukua nafasi ya Mectizan katika kampeni za vijijini, lakini watu wa Ituri na wa Grand Nord walitoa ngozi yao ili ijulikane.

Mpaka hauzuii inzi

Uganda ilikuwa na sehemu 17 zenye upofu wa mto. Katika nyingi kati ya hizo, maambukizi yamekatwa, kwa vidonge vya mara mbili kwa mwaka na kwa kazi ya mitoni. Tazama zile zilizowapa shida zaidi. Mojawapo inaitwa Lhubiriha, katika wilaya ya Kasese. Ni mto uleule wa Kasindi-Lubiriha, ambao wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanauvuka kila siku. Nyingine ni Nyagak-Bondo, inayopakana na Ituri. Waganda wanamaliza kazi upande wao, lakini usubi na watu wanavuka. Mgonjwa asiyepewa vidonge upande wa Mahagi anaweza kurudisha ugonjwa upande wa pili bila hata kujua kwamba anaumwa.

Ndiyo sababu namna ya kuhesabu nayo inabadilika. Kupapasa viuno vya wanaume kulitosha kujua wapi pa kuanzia. Ili kusema kwamba ugonjwa umekwisha, hesabu ni ngumu zaidi: katika tone la damu la watoto walio chini ya miaka 10, alama ya kukutana na mnyoo isipatikane hata kwa mtoto mmoja kati ya 1.000, na kati ya usubi 2.000 wanaokamatwa, asiwe mmoja anayeweza kuambukiza. Niger ilifikia hapo na kutambuliwa na OMS mwezi wa kwanza mwaka 2025, ya kwanza katika Afrika yote. Ilianza kazi miaka ya 1970.

Kwa wasomaji wetu walioko vijijini: uvimbe mgumu usiouma kwenye nyonga ao mbavuni, kuwashwa kusikokwisha, ao mtoto aliyeanza kuanguka, ni mambo ya kupeleka kwenye kituo cha afya, hata kama nusu ya kijiji kiko hivyo. Mtu aliyevimba ao kupata homa baada ya kumeza vidonge amjulishe reko siku ileile. Akianza kuchanganyikiwa ao kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Aliyefika kijijini akitoka kwenye makimbizi aombe jina lake liandikwe kwenye daftari, hata kama anakaa kwa muda tu. Na yule aliyekuwa safarini siku ya kugawa amtafute reko mapema, kwa sababu vidonge vinavyobaki vinarudishwa kwenye kituo cha afya baada ya kampeni.